Mpime akiwa amesimama

Basi bwana, wiki iliyopita kuna mtu kaniandikia, anasema kaanza kujifunza kupanda farasi huu mwezi wa nne, kaona mmoja anauzwa, mweusi tii, anang'aa, picha tu inakufanya umeze mate, na swali lake lilikuwa fupi, eti nimchukue? Nikamuuliza, umemwona akiwa amesimama? Akajibu ndiyo nimemwona, ana mwendo mzuri balaa. Yaani nimeuliza habari ya kusimama yeye kanijibu habari ya mwendo, na wala sikumcheka maana mi mwenyewe nilifanya hivohivo, ukitaka ushahidi mtulinga wangu wa kushoto mpaka leo una kinundu pale ulipounga.

Ngoja nisimulie kwanza af tutaongea.

Farasi wangu wa kwanza alikuwa na miaka mitano. Mwekundu wa kahawia, kwenye paji la uso ana alama nyeupe kama tone la maziwa, na alikuwa na ile namna ya kuinua shingo kama anajua anaangaliwa. Nilipofika kumwona nikamkuta keshatandikwa, tandiko mgongoni, lijamu mdomoni, kila kitu tayari, kazi yangu ni kukwea tu. Nikasema hawa watu wastaarabu, wamejiandaa. Nikampapasa, chini ya yale manyoya ya shingo mkono ukatoka na majimaji, nikajiambia ni joto. Siku yenyewe ilikuwa ya upepo na baridi, mi nimevaa sweta, lakini nikasema joto, si unajua moyo ukishapenda macho yanakuwa hayana kazi. Nikampanda, nikazunguka uwanjani kama dakika kumi, mpole kama kondoo, nikashuka pale nikiwa nishakuwa mtu mwenye farasi wake.

Kumbe alikuwa kakimbizwa asubuhi nzima kabla sijafika. Hili nilikuja kuambiwa baadaye sana na mtu aliyekuwa anafanya kazi palepale. Siku ya kwanza nyumbani akatulia, ya pili akatulia, mimi huku namlisha nafaka kwa mapenzi, ndoo baada ya ndoo, na kazi simpi kwa sababu namwonea huruma asichoke. Siku ya tisa nimetia mguu mmoja kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko, mwingine bado uko hewani, akaondoka. Hakurusha mateke, hakuruka, wala hakuwa na hasira yoyote, aliondoka tu kama mtu aliyekumbuka ana safari, na mimi naning'inia ubavuni kama mkoba, tukaenda hivo hatua kama ishirini mpaka kwenye kona ya uzio, hapo yeye akakata kushoto mimi nikaendelea mbele.

Aliyekuja kuninyanyua alikuwa mzee mmoja saisi, mtu ambaye katunza farasi tangu hajaota ndevu. Nilitegemea aulize naumia wapi. Akaniuliza, "Huyu ulipoenda kumnunua, ulimwona anasimama?"

Mi nilikuwa nalia na mtulinga wangu, nikaona mzee huyu ana kichaa. Ila sasa hivi kila mtu anayeniuliza habari ya farasi wa kuanzia namrushia swali hilohilo.

Ukifikiria vizuri, kwa farasi kusimama ndo kazi ngumu kuliko zote. Huyu ni mnyama anayeliwa, kaumbwa kwa ajili ya kukimbia wanaomla. Mtoto wa farasi akizaliwa, kwa kawaida ndani ya saa moja mbili kashasimama na muda si mrefu anaweza kukimbia na mama yake. Macho yako pembeni ya kichwa, anaona karibu duara zima, kama nyuzi 350 hivi, anachokosa ni kijisehemu cha mbele ya paji lake na kingine nyuma ya mkia, ndo maana ukimtokea kwa nyuma kimyakimya unakula teke hata kama ni mpole, hajakuchukia, hajakuona tu. Kwa hiyo kila kitu ndani yake kinamwambia kimbia kwanza maswali baadaye. Kukimbia kazaliwa nako, kusimama kafundishwa na mtu, tena kwa miaka. Ukimwona farasi kamba imelegea, nailoni inapita inapeperuka, yeye anageuza sikio moja tu af anaendelea na mawazo yake, hapo unaangalia kazi ya mtu mwingine ya miaka mingi, na hiyo ndo unayoinunua wewe, miguu na manyoya ni nyongeza.

Af angalia sisi tunaoanza, muda mwingi tunafanya nini? Hatukimbii. Tunahangaika na mkanda wa tandiko, ule wa tumboni kwa farasi, haufiki tundu la tatu, tunatafuta kikuku kwa ncha ya kiatu kama mtu anayetafuta ndala gizani, tunapanda tunagundua hatamu zimejisokota, tunashuka tena, tunapiga stori na mwenzetu. Farasi asiyejua kusimama atakuumiza kwenye hayo, hata kabla hujajua kama mwendo wake ni mzuri au mbaya.

Kuna kitu kingine watu hawakifikirii, farasi anausoma mwili wako hata pale usipojua kwamba mwili wako unasema kitu. Mwanzoni mwa karne iliyopita kule Berlin alikuwepo farasi mmoja maarufu, Hans, mwenye farasi alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu anaitwa Wilhelm von Osten. Unamuuliza Hans tatu jumlisha nne, anapiga kwato chini mara saba anaacha. Watu walijaa, wataalamu wakaja wakamkagua, hakuna wizi. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst akaja kugundua kwamba Hans hajui hata moja jumlisha moja, alikuwa anamwangalia anayeuliza, ikifika namba sahihi yule mtu bila kujijua anainua kichwa kidogo, uso unalegea, basi Hans anaacha kupiga. Na muulizaji asiyejua jibu, Hans naye hajui.

Sa jiulize, kama farasi anaweza kuona kichwa kikinyanyuka kidogo kiasi hicho, wewe uliyekaa mgongoni kwake umebana magoti kwa woga, mwili umeuinamisha mbele, mkono mmoja umeshika hatamu kama unavuta ndoo kisimani, unamwambia nini? Visigino vinasema nenda, mikono inasema simama, tumbo linasema mama yangu nakufa. Farasi kijana akipata ujumbe kama huo anachanganyikiwa, af anachagua, na mara nyingi anachagua kuondoka. Farasi mtu mzima aliyebeba wanafunzi wengi anasikia hizo kelele zote anaamua huyu hajui anachokitaka, basi anapunguza mwendo. Hiyo hekima haimo kwenye damu ya ukoo bora wala kwenye rangi.

Ndo maana umri. Watu wakisikia farasi ana miaka kumi na tano wanaona kama unawauzia mzee wa kuzika, wakati farasi aliyetunzwa anafika miaka 25 hadi 30, na wengi wa miaka kumi hadi kumi na nane hivi bado wana nguvu kabisa za kumbeba mtu anayejifunza. Kuna ile ndoto tamu, hasa kwa wazazi, kwamba tumnunulie mtoto farasi mchanga wakue pamoja wafundishane. Jamani. Wafundishane nini na wote hawajui? Hapo umeweka vipofu wawili wakashikana mikono barabarani. Utu uzima dawa, na kwa farasi ni dawa maradufu.

Umri usiupokee kwa mdomo tu, kuna makaratasi, na kuna meno. Akifika miaka mitano meno yote ya ukubwani yashatoka. Karibu na miaka kumi, kwenye jino la pembeni kabisa la mbele, la juu, inaanza kutokea mfereji wa kahawia kwenye fizi, miaka kumi na tano hivi umefika nusu ya jino, ishirini umefika mwisho. Siyo saa ya ukutani, ni makadirio, meno ya farasi hutofautiana na chakula kinachangia, lakini ukiambiwa ana miaka minane na ule mfereji umeshuka nusu jino basi ujue mtu anakufanya mtoto.

Habari ya jinsia sina maneno mengi. Dume asiyehasiwa achana naye, sijali ni mpole kiasi gani, upepo ukileta harufu ya jike wewe utakuwa abiria tu. Aliyehasiwa au jike, yeyote, ila majike wengine wakiwa kwenye joto tabia inabadilika siku chache, muulize mwenyewe. Kuhusu aina, wale waliotoka kwenye mashindano ya mbio huwa wanauzwa rahisi na ni wazuri wa kukutoa machozi, wengine wanakuja kuwa farasi wa ajabu mikononi mwa mtu anayejua, lakini wengi walianza kukimbizwa wakiwa na miaka miwili na katika maisha hayo hakuna aliyewafundisha kusimama kusubiri mtu anayetafuta kikuku. Quarter Horse wana sifa ya utulivu, Haflinger na Fjord vilevile, wafupi wanene wenye miguu imara, na nimeona Haflinger mmoja mkorofi kuliko jini, kwa hiyo aina ni tetesi, farasi aliye mbele yako ndo habari yenyewe.

Urefu nao unawaponza watu. Farasi hupimwa kutoka ardhini mpaka pale shingo inapokutana na mgongo, juu ya mabega, na kipimo chake ni kiganja, kiganja kimoja inchi 4, kama sentimita 10 na kidogo. Ukiona pameandikwa 14.2 usidhani ni desimali, ni viganja kumi na vinne na inchi mbili, yaani kama sentimita 147, na chini ya hapo kwa kawaida anaitwa poni. Mtu mzima wa kawaida anabebwa vizuri tu na farasi wa hapo au juu kidogo, ila tunataka mrefu tuonekane. Farasi mrefu hakupi usalama wowote wa ziada, anachokupa ni muda zaidi wa kutafakari wakati unashuka bila kupenda. Cha kuangalia ni uzito. Wengi wanatumia kanuni kwamba wewe na tandiko kwa pamoja msizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, na wengine wanasema bora isizidi 15, sa farasi wa kilo 450 asilimia 20 ni kilo 90, na tandiko limo humohumo, yale makubwa ya kimagharibi yanaweza kufika kilo 15 na zaidi. Fanya hesabu ukiwa mkweli, mizani ya bafuni haimwambii mtu. Farasi anayeumia mgongo ataanza siku moja kukataa, na mtu ataandika kwamba kageuka mkorofi.

Kwenye matangazo napo pana lugha yake, na mimi nimeisoma mpaka nikajua kutafsiri. "Mchangamfu" maana yake usilete watoto. "Anataka mikono laini" maana yake mwenyewe kashindwa kumsimamisha. "Ana uwezo mkubwa" maana yake bado hajafundishwa. "Anauzwa kwa kukosa muda" inaweza kuwa kweli kabisa, watu wanakosa muda, ila uliza alikosa muda tangu lini, maana farasi aliyekaa mwaka mzima bila kupandwa siyo yule anayeonekana kwenye picha. Halafu kuna tangazo moja huwa linaandikwa kwa uvivu, picha haieleweki, farasi kafumba jicho, maelezo mistari miwili, "mtoto kakua, farasi mpole, anapandwa kila wiki". Hilo ndo la kupigia simu kwanza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa siku ya kwenda kumwona. Usiende peke yako, nenda na mtu anayejua kuliko wewe na asiyekuwa na haja na hiyo biashara, mwalimu wako kama anakubali. Mwambie muuzaji mapema, kwa adabu tu, naomba nimkute alipo, msimkamate wala msimtandike kabla sijafika. Na fika mapema kidogo, nusu saa hivi, jifanye njia ilikuwa nyeupe. Ukimkuta kashatandikwa kama nilivyomkuta mimi wangu, weka mkono chini ya tandiko, kifuani, nyuma ya masikio. Jasho lililokauka linaacha manyoya yamegandana yana chumvi. Hapo huna haja ya kugombana na mtu, sema asante nitarudi siku nyingine, na ukirudi rudi bila taarifa ndefu.

Kisha kaa pembeni uangalie. Mtu akiingia zizini yeye anafanya nini, anakuja, anasubiri, au anageuza makalio? Masikio je, yanacheza huku na huku au yamelala nyuma yamebanwa kichwani, maana yakibanwa hivo huyo anakupa onyo. Wakati wa kumsugua anataka kung'ata? Mkanda wa tumbo ukikazwa anavimba, anarusha mguu? Inua kwato zote nne, moja moja, mwenyewe, siyo kuinuliwa. Mgiriki Xenophon, mwanajeshi wa farasi, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita aliwashauri wanunuzi waanze na miguu, kwato hasa, na mpaka leo hajapatikana wa kumpinga. Kwato zenye mistari mingi ya mviringo isiyo sawa, farasi anayesimama kaegemea nyuma kama anakwepa kukanyagia vidole, hapo kuna historia ya ugonjwa wa kwato, uliza.

Kisha lile jambo langu. Mwombe mwenyewe amsimamishe katikati ya uwanja, kamba imelegea, af ninyi pigeni stori. Dakika tano. Mtaona ni ndefu ajabu. Kohoa, vua koti, angusha funguo, mwambie mwenzako apite na ndoo. Huendi pale kumtisha mnyama wa watu, usifungue mwavuli usoni kwake, unataka vitu vya kawaida vitakavyotokea kila siku. Akishtuka siyo tatizo, kila farasi anashtuka, cha kuangalia ni anarudi haraka kiasi gani, kashtuka kaangalia kapumua kaendelea kusimama, au kashtuka na sasa anazunguka kwenye kamba kama kiberenge na mwenyewe anacheka "leo kuna upepo".

Kupanda kuna utaratibu na usiuvunje. Kwanza mwenyewe au mtu wake, af yule uliyekuja naye, wewe wa mwisho. Mwenyewe akisema leo mgongo unaniuma panda tu wewe, nenda nyumbani. Siyo utani, nenda. Wakipanda angalia anasimama mpaka mtu akae vizuri au anaondoka mguu bado uko hewani (hapo mi huwa nashika bega langu bila kujua). Waombe watembee, waende matiti, yaani mbio za polepole, wapige shoti kidogo, zile za kasi, wasimame, na kusimama kuwe kwa kuombwa siyo kwa kuvutwa mdomo. Na kabla ya kupanda wewe, kofia ngumu ya kichwa na kiatu chenye kisigino, ndala na raba bapa zinateleza mguu mzima unapita kwenye kikuku na ukianguka hivo unaburutwa.

Ukipanda fanya vitu utakavyovifanya kweli. Wewe huendi kuruka vizuizi kesho, kwa nini umpime kwa kuruka? Tembea. Simama. Geuka. Achia hatamu uone kama anapokea uhuru kwa kuongeza mbio. Fanya kosa kidogo kwa makusudi, yumba, poteza kikuku, ila mwenzako awe karibu. Kisha toka nje ya geti, peke yake bila farasi mwenzake, hapa ndo wengi wanapofeli, ndani ya uwanja malaika, mbele ya geti anaota mizizi analia kuita wenzake au anageuka kurudi kwa kasi ambayo hukumwomba. Farasi ni mnyama wa kundi, kutamani wenzake ni haki yake, lakini kwa mtu anayeanza hiyo tabia ni kubwa kuliko uwezo wake.

Kama mpaka hapo bado unampenda, mlete daktari wa mifugo, wa kwako, siyo yule anayemtibu kwa muuzaji. Atamsikiliza moyo na mapafu, atamwangalia macho, atamkunja mguu kama dakika moja hivi kisha akimbizwe matiti kwenye ardhi ngumu waone kama anachechemea. Hata wewe unaweza kujifunza kidogo, farasi anayeumia mguu wa mbele kichwa kinapanda pale mguu mbovu unapokanyaga na kinashuka ukikanyaga mzima, na funga macho usikilize kwato, mdundo uwe sawa. Na damu ichukuliwe. Najua unaona aibu, unaona kama unamwita mwenzio mwizi, lakini dawa ya maumivu kama fenilibutazoni inaficha uchechemeaji kwa muda na dawa za kutuliza zinamfanya mwehu awe mtawa mchana mmoja. Farasi aliyetulizwa ana dalili, kichwa chini, macho mazito, mdomo wa chini unaning'inia, ila hata mzee aliyeridhika tu kwenye jua anaonekana hivohivo, kwa hiyo acha damu iseme. Vinginevyo ni mbuzi kwenye gunia, tofauti ni kwamba mbuzi hakuangushi.

Na usitegemee daktari aseme hana kasoro. Farasi wa miaka kumi na sita asiye na kasoro simjui. Viungo vikikaza kidogo asubuhi, jicho likawa na doa, uliza swali moja tu, kwa kazi nitakayompa, hii itamtesa au itaniangusha? Wangu wa sasa ana goti la nyuma linalolia kama mlango, daktari kasema tumpashe mwili taratibu kabla ya kupanda, tunafanya hivo, miaka minne sasa. Kasoro ya mwili inayojulikana nitaichukua kuliko tabia isiyojulikana.

Ukiweza kumpata kwa majaribio wiki mbili tatu, au kumkodi miezi kadhaa, usiringe, chukua. Kwa kweli watu wengi wanaoanza hawahitaji kununua kabisa mwaka wa kwanza, wanahitaji kupanda farasi wengi wa watu, ila najua ukishapata huo ugonjwa hausikii.

Af ukimleta nyumbani tafadhali usirudie nilichofanya mimi. Chakula chake kikuu ni majani na nyasi kavu, kwa siku kama asilimia moja na nusu hadi mbili ya uzito wake, farasi wa kilo 450 ni kama kilo 7 hadi 9. Ile nafaka niliyokuwa namwaga ni petroli, na kazi sikumpa, sa moto utaenda wapi? Endelea na chakula alichokuwa akila kule alikotoka, badilisha pole pole, na asikae peke yake, farasi aliye peke yake halali vizuri kwa sababu hana mwenzake wa kulinda. Mpe wiki kadhaa, hata miezi, kahama nyumba na hakuna aliyemwuliza. Tembeeni kwa miguu, mwoneshe mazingira, mrudie mwalimu.

Yule mwekundu wangu, kama mnajiuliza, alimchukua dada mmoja aliyeshindana miaka mingi, leo ni farasi mtulivu wa kuheshimika. Hakuwa mbaya. Alikuwa na miaka mitano na alikuwa na mimi.

Huyu wa sasa nilimwona mara ya kwanza kwenye kivuli, kijivu, mguu mmoja wa nyuma kaupumzisha, mdomo umelegea, mkia umechanika mbwa aliwahi kuuchezea. Nikaangusha ndoo ya chuma karibu yake, na siyo kwa makusudi, ilinitoka. Sikio moja likageuka. Akaiangalia ndoo, akaniangalia mimi, akashusha pumzi ndefu kama mama mkwe. Nikamgeukia yule mzee saisi maana nilikwenda naye, naye alikuwa keshatoa kalamu.

Sasa huyu mwenzetu wa farasi mweusi jana kanijibu. Anasema alienda, akaomba wamsimamishe, akahesabu kimoyomoyo, alifika sita. Muuzaji akamwambia ni kwa sababu ya upepo. Jumamosi anaenda kumwona mwingine, miaka kumi na nne, tangazo mistari miwili, kanitumia na picha, imepigwa jua likiwa nyuma huoni kitu, unaona tu kivuli cha farasi na mtoto kakaa mgongoni kinyumenyume anakula embe.